Shina la uchungu: linavyoota moyoni mwa Mkristo na Maandiko yanavyoling'oa

Mjamzito aliyefika leba ana uchungu. Aliyezika mtoto ana uchungu. Aliyedhulumiwa shamba na kaka yake ana uchungu. Kiswahili kinatumia neno moja kwa hali zote hizo, na kanisani mkanganyiko huanzia hapo. Mjane anayelia wiki ya tatu baada ya mazishi huambiwa aondoe uchungu, kama vile ametenda dhambi. Mzee ambaye hajamsalimia mdogo wake tangu walipogawana mirathi husema "nina uchungu tu", kama vile yuko msibani. Mjane anabebeshwa hatia isiyo yake, na mzee anapewa pole wakati anahitaji dawa.

Biblia inatenganisha hali hizi mbili. Hana, mke wa Elkana, "alikuwa na uchungu rohoni mwake" (1 Samweli 1:10), na hakuna aya inayomkemea kwa hilo. Penina, mke mwenzake, alimchokoza kwa utasa wake mwaka baada ya mwaka mpaka akashindwa kula. Hana akaupeleka uchungu huo hekaluni, akalia, akanena na Bwana kwa midomo inayocheza bila sauti, mpaka kuhani Eli akamdhania amelewa. Lakini Paulo anapowaandikia Waefeso anaagiza uchungu wote uondoke kwao, "na ghadhabu na hasira na kelele na matukano" (4:31). Tofauti iko kwenye mwelekeo. Maumivu ya Hana yalikuwa njiani kwenda kwa Mungu. Uchungu anaoukemea Paulo umeshajenga, umepata majirani, na umeanza kuzaa. Kwa huu wa pili tunalo neno letu zuri, kinyongo, lililotoka kwenye nyongo. Ndivyo Petro alivyomwambia Simoni, yule mchawi wa Samaria: "nakuona u katika uchungu kama nyongo, tena u katika kifungo cha uovu" (Matendo 8:23). Nyongo na kifungo, pamoja. Kuanzia hapa, nikisema uchungu nina maana ya huo.

Aya inayonukuliwa kuliko zote ni Waebrania 12:15, ya "shina la uchungu" lisije likachipuka na kuwasumbua, "na watu wengi wakatiwa unajisi kwa hilo". Neno la Kigiriki pale ni la mzizi, yaani sehemu iliyo chini ya udongo. Hilo lina maana kwa mwenye kutaka kupona, kwa sababu matusi, kununa, kutosalimia na maneno ya mafumbo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ni majani tu. Ukiyafyeka, mvua ya kwanza yanarudi. Aya yenyewe imeazimwa kutoka Kumbukumbu la Torati 29:18, ambapo Musa anaonya kuhusu mtu ambaye moyo wake umemwacha Bwana akaenda kuitumikia miungu mingine. Msomaji anaweza kushangaa uchungu na ibada ya sanamu vinakutana wapi. Vinakutana kwenye kiti. Mtu mwenye kinyongo cha miaka mingi anakiamsha asubuhi kabla ya sala, anakiuliza aende harusi gani na asiende ipi, anakisikiliza kabla ya kuamua nani apewe mkopo na nani anyimwe. Kosa alilotendewa limeketi mahali pa kutoa amri. Ndiyo maana mwandishi wa Waebrania anaanza aya hiyo kwa kuonya mtu "asiipungukie neema ya Mungu", na aya inayofuata anamtaja Esau, yule aliyelia "kilio kikubwa cha uchungu mno" (Mwanzo 27:34) baada ya Yakobo kumpokonya mbaraka.

Linavyoota: nyumba ya Daudi

Ukitaka kuona kwa karibu jinsi mzizi huu unavyokua, soma 2 Samweli kuanzia sura ya 13, polepole. Amnoni, mwana wa mfalme Daudi, anamtenza nguvu Tamari, dada yake wa baba mmoja. Absalomu, kaka yake Tamari kwa mama, anamwambia dada yake anyamaze, ni ndugu yake, asilitie jambo hilo moyoni. Mfalme Daudi anasikia habari zote, anakasirika sana, na Maandiko hayataji hatua yoyote aliyochukua. Tamari anabaki katika hali ya ukiwa nyumbani kwa kaka yake.

Tazama vitu vitatu vilivyokutana hapo. Kosa la kweli na zito. Kauli ya ukoo ya "nyamaza, ni ndugu yako". Na mwenye mamlaka aliyekasirika bila kutenda haki. Vikikutana hivyo, mbegu haikosi kuota. Absalomu hakumwambia Amnoni neno zuri wala baya kwa miaka miwili. Hakukuwa na ugomvi wala kelele, na jirani angesema wale ndugu wanaishi kwa amani. Mwaka wa pili, kwenye sherehe ya kukata manyoya ya kondoo, Amnoni akauawa kwa amri yake. Kisha miaka mitatu uhamishoni Geshuri. Kisha miaka miwili Yerusalemu bila kuuona uso wa mfalme. Jumla ni miaka saba tangu siku ile ya Tamari.

Kinachofuata ndicho wengi hukipita haraka. Absalomu anasimama kando ya lango asubuhi, anawaita wenye kesi, anawaambia laiti angewekwa yeye kuwa mwamuzi, kila mtu angepata haki yake. Anasema kweli! Baba yake alishindwa kumhukumu Amnoni. Uchungu wake unasimama juu ya ukweli, na hapo ndipo ugumu wa kuung'oa. Mtu mwenye kinyongo mara nyingi ana hoja sahihi. Lakini hoja hiyo sahihi ilimfikisha kwenye uasi, na siku ya vita katika msitu wa Efraimu walikufa watu 20,000, ambao wengi wao pengine hawakumjua Tamari hata kwa sura. "Watu wengi wakatiwa unajisi kwa hilo."

Kwa hiyo mchungaji, mzee wa kanisa au mzazi anayemwambia aliyeumizwa "yaliyopita si ndwele" ajue anachofanya. Methali hiyo ina nusu ya pili, tugange yajayo, na hakuna mganga anayefunika donda bila kulisafisha.

Hesabu kwanza

Kosa linalorudiwa zaidi katika ushauri wa kanisani ni kukimbilia msamaha kabla ya hesabu. Mathayo 18 inakwenda kinyume chake. Yesu anasema mfalme alitaka kufanya hesabu na watumwa wake (18:23), na katika hesabu hiyo ndipo deni lilipoonekana, ndipo likasamehewa. Huwezi kusamehe deni usilolijua kiasi chake. Utakuwa umelisahau kwa muda tu, na litakukumbuka lenyewe usiku.

Tuseme mama mmoja wa kwaya alimdhamini mwenzake kwenye VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, kwa mkopo wa shilingi 1,200,000. Mwenzake akahama mji bila kuaga, simu hapokei. Kikundi kikamgeukia mdhamini. Akauza cherehani kwa 400,000, na zilizobaki akalipa 80,000 kila mwezi kwa miezi 10. Kwenye daftari la kikundi deni limefutwa. Moyoni linaendelea kuzaa riba.

Mama huyu achukue daftari na kalamu, atenge nusu saa asiyoingiliwa, agawe ukurasa mara nne. Sehemu ya kwanza aandike alichofanyiwa, kwa maneno ya polisi kuliko ya ugomvi: alikopa kiasi hiki kwa dhamana yangu, akahama mwezi wa tatu, hakuniambia. Asiandike "aliniua". Sehemu ya pili, alichopoteza: cherehani, fedha, wateja wa sare za shule wa Januari, heshima mbele ya kikundi, rafiki wa kuimba naye sauti ya pili. Hapa wengi hugundua kwamba fedha haikuwa ndiyo inayouma zaidi.

Sehemu ya tatu ndiyo yenye mzizi: nilichoanza kuamini tangu siku ile. "Walokole ni matapeli." "Sitamdhamini mtu tena, hata mtoto wa dada yangu." "Mungu aliona akanyamaza." Uchungu huanza na tukio moja ukaishia kuwa imani, na imani hiyo hupofusha. Naomi aliporudi Bethlehemu toka Moabu aliwaambia wanawake wa mji wasimwite Naomi bali Mara, kwa kuwa alitoka amejaa na Bwana amemrudisha hana kitu (Ruthu 1:20-21). Aliyasema hayo Ruthu akiwa amesimama kando yake, yule yule ambaye wanawake hao hao mwishoni mwa kitabu watamwambia Naomi kwamba ni bora kwake kuliko wana saba (4:15). Naomi hakudanganya kuhusu makaburi matatu aliyoyaacha Moabu. Alikosea kwenye neno "sina kitu". Sehemu ya tatu ya daftari ndipo Maandiko yanapofanya kazi yake ya kupinga, kauli moja baada ya nyingine: hii ni kweli, hii ni nusu, hii ni uongo.

Sehemu ya nne ni ninachodai. "Alipe." "Aaibike kama nilivyoaibika." "Aje apige magoti mlangoni kwangu." Madai haya hayalingani, ingawa moyoni yamefungwa kamba moja. La kwanza ni haki. Mengine mawili ni kisasi, na Warumi 12:19 imeyaondoa mikononi mwetu: "Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana."

Baada ya hesabu hiyo, mfano wa Mathayo 18 unasomeka kwa uzito wake. Mtumwa wa kwanza alidaiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Hizo ni dinari milioni 60. Kibarua anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka 200,000 kulipa, bila kula. Baada ya kusamehewa, alimdai mtumwa mwenzake, bila huruma, dinari 100, yaani zaidi ya miezi mitatu ya kazi. Kwa kibarua wa leo anayelipwa shilingi 10,000 kwa siku, hiyo ni milioni moja, karibu sawa na deni la yule mama wa kwaya, na upande wa pili ni shilingi bilioni 600. Yesu hakusema dinari 100 ni kitu kidogo. Nani asiyejua milioni moja inavyouma? Alichofanya ni kuziweka hesabu mbili kwenye meza moja. Mtu asiyewahi kuitazama ile ya bilioni 600, yaani deni lake mwenyewe kwa Mungu, hana mahali pa kuchotea msamaha, hata akihimizwa kila Jumapili.

Kuna atakayeuliza: mbona upendo "hauhesabu mabaya" (1 Wakorintho 13:5)? Neno alilotumia Paulo ni la watunza hesabu, la kuingiza deni kwenye kitabu na kulitunza. Daftari linalozungumziwa hapa huandikwa ili lifungwe. Likishafanya kazi yake, ukurasa unachanwa au unachomwa. Ukijiona unalificha chini ya godoro na kuliongezea mistari kila wiki, umeacha kutibu na umerudi kucheua.

Kulalamika kwa kibali

Kabla ya kuachilia, kuna kulia, na Zaburi zimetengeneza njia yake. Zaburi ya 13 ni fupi, aya sita, na ndiyo ya kuanzia. Aya mbili za kwanza ni malalamiko ya wazi, "hata lini" mara nne. Aya mbili za katikati ni ombi. Mbili za mwisho ni tumaini. Isome kwa sauti, kisha iseme upya kwa mambo yako: "Ee Bwana, hata lini nitapita dukani nikiona cherehani za wenzangu?" Ukifika aya ya tano na moyo umekataa, simama hapo hapo, urudi kesho. Usijilazimishe kuimba. Zaburi ya 88 inaishia gizani na bado iko ndani ya Biblia.

Kwa aliyesalitiwa na mtu wa karibu, Zaburi ya 55 inajua mambo yake. Mwandishi anasema aliyemtukana angekuwa adui angevumilia, ila ni rafiki yake, waliyekwenda pamoja nyumbani mwa Mungu. Kwa aliyechoka kuona mdhalimu akinenepa na kujenga ghorofa, Zaburi ya 73. Asafu anakiri moyo wake uliona uchungu akawa kama mnyama mbele za Mungu, na mgeuko unakuja alipoingia patakatifu. Wenye uchungu na Mungu mwenyewe, waliofiwa mtoto au kuugua miaka na miaka, wasiombe sala ya "kumsamehe Mungu", maana hakuna mahali Maandiko yanapotufundisha hivyo. Wampelekee shtaka kama lilivyo, kama Yeremia alivyotaja pakanga, ule mmea mchungu, na nyongo kwenye Maombolezo 3:19, kisha aya mbili baadaye akajikumbusha neno lililompa matumaini.

Angalia pia lini Hana alibadilika. 1 Samweli 1:18 inasema akaenda zake, akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena. Samweli, mwana aliyemwomba, alikuwa bado hajatungwa mimba, na Penina alikuwa bado yupo.

Kukabidhi, na kukabidhi tena

Msamaha katika Agano Jipya unatumia mara nyingi neno la kuachilia, kama mtu anavyofungua mkono. Kuachilia huko hufanyika mbele za Mungu, na Marko 11:25 haiweki sharti la mkosaji kuwepo wala kutubu: "kila msimamapo na kusali, sameheni, mkiwa na neno juu ya mtu." Ndiyo maana mtu anaweza kumsamehe marehemu, au aliyehamia nchi nyingine. Sala yenyewe iwe na majina na kiasi. Inaweza kuwa hivi: "Bwana, namdai dada huyu milioni moja na laki mbili, cherehani, na jina langu kikundini. Hayo niliyoyaandika ni ya kweli. Leo nakukabidhi deni hili lote. Wewe ndiwe hakimu wake na wangu. Sitamfuata kwa maneno wala kwa kumwombea mabaya." Sala ya jumla ya "nawasamehe wote walionikosea" haina nguvu kwa sababu haikushika deni lolote mkononi.

Kesho yake kumbukumbu itarudi. Hapa wengi huanguka, wakisema basi sikusamehe. Tazama 1 Petro 2:23 juu ya Yesu, kwamba alipotukanwa hakurudisha matukano, bali alijikabidhi kwake yeye ahukumuye kwa haki. Kitenzi cha Kigiriki pale ni cha tendo linaloendelea: alikuwa akijikabidhi, tusi baada ya tusi. Kwa hiyo kumbukumbu ikija ukiwa unaosha vyombo, sema sentensi moja, "hilo nilishalikabidhi", uendelee na vyombo. Usiijadili. Mwanzoni itakuja mara kumi kwa siku, na siku za mshahara au za kikao cha kikundi itakuja zaidi. "Saba mara sabini" huenda zote zikaishia kwenye kosa moja la mtu mmoja.

Kinachomaliza mzizi kabisa, kwa kadiri Maandiko yanavyoonyesha, ni wema unaotendwa kwa mkosaji. Luka 6:28 inaagiza kubariki na kuombea. Anza na kitu kidogo kinachotajika: mtoto wa huyo dada afaulu mtihani, mgongo wake upone. Ukishindwa kulitamka, hilo nalo mwambie Mungu, na uombe angalau asidhurike. Warumi 12:20 inakwenda mbali zaidi, hadi kwenye sahani ya chakula. Lakini wema huu usiruke hatua. Kumpelekea zawadi mtu ambaye bado unamdai moyoni ni kununua deni lingine, na asiposhukuru uchungu utakuwa maradufu.

Mambo yanayoharibu tiba

La kwanza ni kupatanishwa kwa nguvu mbele ya watu. Wawili wanaitwa madhabahuni, wanashikana mikono, kanisa linapiga makofi, na jioni mwenye kuumizwa analala na homa. Yesu aliweka mpangilio kwenye Mathayo 18:15-17: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha mmoja au wawili, kisha kanisa. Luka 17:3 inaongeza kwamba ndugu akikosa aonywe, na akitubu asamehewe. Kuachilia deni ni kwa mtu mmoja na kunaweza kufanyika leo. Kupatana ni kwa watu wawili, na Paulo alilijua hilo alipoandika "kama yamkini, kwa upande wenu" (Warumi 12:18). Upande wa pili si wako.

La pili linafanana na hilo na ni hatari kuliko hilo. Mke anayepigwa, au mtoto aliyeingiliwa na mtu wa familia, haambiwi asamehe arudi ndani ya nyumba. Warumi 13:4 inasema mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu wa kulipiza kisasi kwa atendaye mabaya, na aya hiyo iko mistari michache tu baada ya ile inayotukataza kujilipizia. Kwenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ni kuipisha hukumu ifanye kazi yake. Mtu anaweza kutoa ushahidi mahakamani asubuhi na kumwombea mshtakiwa jioni. Nyumba ya Daudi ilikosa hasa hilo la asubuhi.

La tatu ni maombi yanayogeuka umbea. Ukiwaambia watu kumi "niombeeni, fulani amenitenda hivi", tayari shina limechipuka kwa kumi. Chagua mmoja au wawili wasio na upande, watu wanaoweza kukuambia "hapo umeongeza chumvi".

Tena kuna wanaotafuta kufunguliwa kwa mkono wa mtumishi kila mkesha, wakiamini ni roho tu ya kukemewa. Kuombewa kuna nafasi yake. Lakini Waefeso 4 inalihesabu jambo hili kama vazi la utu wa kale la kuvuliwa, na kuvua ni kazi ya aliyelivaa. Tofauti na hao, kuna ambao usingizi umekata na chakula hakishuki kwa zaidi ya wiki mbili, au mawazo ya kufa yanawajia. Hao wahitaji daktari au mshauri nasaha sambamba na sala, na mtu asiwaambie imani yao ni ndogo.

Neno moja kwa wanandoa, kuhusu "jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka" (Waefeso 4:26). Wapo wanaolifanya kuwa amri ya kumaliza kila mzozo usiku huo huo, wanagombana mpaka saa nane usiku, na maneno ya saa nane ndiyo yanayokaa miaka ishirini. Aya inazuia kulala na deni mkononi. Likabidhini kwa sala fupi, mpange siku na saa ya kuzungumza, mlale.

Uganda, 1977

Afrika Mashariki inao mfano wake. Uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Bukoba hadi Kenya, ulijenga desturi ya kutembea nuruni kwa msingi wa 1 Yohana 1:7. Ndugu walikutana kila wiki, na mtu alikiri wazi mbele ya aliyemkosea, hata kinyongo ambacho mwenzake hakukijua. Katika desturi hiyo alilelewa Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kianglikana wa Kigezi.

Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere alionywa kwamba anatafutwa. Yeye na mkewe Mera wakatoroka usiku, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Akiwa uhamishoni alijikuta anakauka ndani. Alieleza baadaye kwamba chuki yake kwa Amin ilikuwa inamla. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, lilisomwa lile neno la msalabani, "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo", na akatambua kwamba hana namna ya kumtoa Amin ndani ya sala hiyo. Akamsamehe. Hakuacha kuueleza ulimwengu maovu ya utawala ule, na aliporudi Uganda mwaka 1979, baada ya Amin kuangushwa, alirudi kujenga. Msamaha na ushuhuda wa kweli vilikaa kwa mtu mmoja bila kugombana.

Mtume Paulo, akiwa kifungoni na akijua mwisho umekaribia, anaonyesha jambo hilo hilo kwenye 2 Timotheo 4, na anamweka kila mtu mahali pake. Marko, aliyewaacha kule Pamfilia na kusababisha Paulo na Barnaba watengane kwa ugomvi mkali (Matendo 15), sasa anaitwa: "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi." Wale waliomwacha peke yake siku ya kujitetea anawaombea wasihesabiwe hatia. Iskanda mfua shaba, aliyemtenda ubaya mwingi, anamwachia Bwana amlipe, na anamwambia Timotheo waziwazi ajihadhari naye. Mmoja amerudi mezani, wengine wamefutiwa, mmoja amekabidhiwa kwa Hakimu huku mlango ukiwa umefungwa. Na katikati ya majina hayo mzee anaagiza joho lake alilolisahau kwa Karpo huko Troa, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi, na anamsihi Timotheo ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi.